Mahali pa Kuwapeleka

Jina lake ni Khadijo. Naliandika tu. Kwa mdomo silitaji tena, na wewe unayesoma, soma kimoyomoyo. Siku hizi ploti nzima tunamwita Mama Shafi, hata mimi wa rika lake, niliyezoea kumwita kwa jina kupitia ukutani kila asubuhi kabla sijatafuta kandambili zangu. Kwa nini tumeacha, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Tunakaa Bungoma, upande wa msikiti, vyumba vya mabati vinavyotazamana na bomba moja katikati. Chumba chake na changu vinagawana ukuta. Yeye ni mtu wa msikiti, mimi ni mtu wa kanisa, na huo ukuta haujawahi kulalamika. Baba yake alikuja huku akifuata ng'ombe wa kuuza, akaoa, akasahau kurudi. Khadijo mwenyewe alizaliwa hapa na kuolewa hapa, na mume wake akafia hapa. Asubuhi hukaanga mahamri mlangoni na kuchemsha chai ya tangawizi, na watu wa soko hunywa wakiwa wamesimama, wakipuliza vidole.

Ukikaa naye hata siku moja utaona kitu. Khadijo hafukuzi chochote. Kuku wangu akiingia kwake kudonoa unga, mtu mwingine angemrushia kiatu. Yeye huinama akamwambia kwa upole, "Nenda kwa Mama Wabwile, ana makombo ya ugali." Mama Wabwile ndiye mimi, na kuku huja mbio. Paka humwelekeza kwa mwenye bucha. Wakati fulani alimwambia panya ahamie kwa mwenye ploti, na mwenye ploti alipokuja kututembelea, suruali yake ilikuwa imetafunwa upindo. Nilipohadithia hayo sokoni panya walifika kumi na wawili na mmoja alikuwa na ndevu. Lakini suruali ilikuwa ya kweli, niliiona.

Tabia hiyo aliitoa kwenye kazi yake nyingine. Alikuwa akipunga pepo.

Watu hulitumia neno hilo ovyo. Ati kupunga ni kufukuza pepo, basi, wamemaliza. Ukimwambia hivyo Khadijo alikuwa anaweka chini kijiko cha kugeuzia mahamri na kukutazama mpaka uone aibu.

"Anayefukuzwa ni mwizi," alikuwa akisema. "Pepo ni mgeni aliyekaa sana. Huwezi kumpigia kelele za toka, toka, halafu ufunge mlango. Atoke aende wapi? Atazunguka nyumba aingie kwa dirisha. Kupunga ni kumsindikiza mpaka afike."

Alifundishwa na mama mkwe wake, Bi Khairunisa, mwanamke wa Pwani aliyeletwa huku na kazi ya reli ya mumewe. Mgonjwa anaketishwa kwenye mkeka. Ubani unafukizwa. Mtu mmoja anatikisa kopo la kokoto, na huyo mtu kwa miaka mingi nimekuwa mimi, maana nina mikono isiyotulia. Khadijo anapunga leso nyeupe juu ya kichwa cha mgonjwa, polepole, kama anayempepea mtoto mwenye homa. Pepo anaulizwa jina lake. Anaulizwa anataka nini, anapewa. Na mwisho, hapo ndipo penye kazi, anaambiwa pa kwenda. Hilo haliambiwi kwa sauti. Khadijo huinama akanong'ona kwenye sikio la mgonjwa, na hata mimi mwenye kopo, niliyevuta shingo kama bata kila mara, sikuwahi kusikia. Bi Khairunisa alimkataza. Watu wakipajua mahali hapo, watakwenda kuchungulia, na ukimchungulia pepo nyumbani kwake umemkaribisha kwako.

Wagonjwa walikuwa wa kila namna. Peris, mkulima wa Myanga, mama wa kwaya, aliamka akaanza kupiga kwata katikati ya mahindi yake, akiamuru magugu yasimame sawasawa. Kanisani walimwambia pepo wake atoke, akatoka, akarudi na njaa. Khadijo alipomuuliza jina, akajibu kwa sauti ya kiume kwamba yeye ni Sajini. Alitaka chai ya rangi bila sukari kwenye kikombe cha bati, na saluti. Saluti nilipiga mimi. Nilipiga kwa mkono wa kushoto, akanikaripia, nikarudia kwa wa kulia. Ndipo akakubali kwenda. Kuna mwingine alikuwa kwa mwanamke wa Bokoli, huyo alikuwa analia kila mawingu yakikusanyika, hata kama nguo zake zimeshaanuliwa. Akasema anaitwa Bi Mvua na anataka mwavuli. Khadijo akampa mwavuli, wangu. Mpaka leo natembea na gunia kichwani.

Nacheka nikiandika haya. Ya Gathoni hayakuwa ya kucheka.

Gathoni ni fundi cherehani wa Kitale. Aliletwa na dada yake, akiwa amebeba mtoto mchanga ambaye hakutaka kumnyonyesha. Hakupiga kelele, hakuanguka, hakutoa macho. Aliketi tu. Tulifukiza ubani mpaka chumba kikawa kama kuna ukungu, nikatikisa kopo mpaka bega likafa ganzi. Wewe ni nani? Kimya. Unataka nini? Kimya. Alikuwa anamtazama Khadijo tu, kama mtu anayejifunza sura ya mwenzake. Na mtoto alikuwa analia mapajani kwa dada yake Gathoni, kilio kile cha mwisho, kidogo, kama mlango unaohitaji mafuta.

Khadijo akashindwa na huruma. Akainama, akanong'ona pa kwenda, bila jina, bila zawadi. Mara Gathoni akaomba maji, akamchukua mtoto wake, akafungua blauzi. Tukafurahi. Dada mtu akalia, mimi nikalia, kopo likaanguka kokoto zikatapakaa.

Khadijo hakufurahi. Alikuwa anakunja leso yake pembe kwa pembe.

"Nimempeleka mtu nisiyemjua jina," akasema. "Kesho nikimhitaji nitamwitaje?"

Nikamwambia utamhitaji wa nini, bana, si ameenda.

Sasa, Khadijo ana mtoto mmoja, huyo Shafi. Anauza mahindi ya jumla Kitale, mwanamume mtaratibu, mwenye shati lililopigwa pasi hata mgongoni. Kazi ya mama yake ilimwaibisha. Alikuwa akija, tunaficha kopo la kokoto chini ya kitanda changu. Alimwoa Fardosa, msichana mpole, wakapata mtoto, Naim. Huyo Naim alikuwa na mdomo! Alianza kusema kabla hajatembea vizuri. Akipigiwa simu na nyanya yake anaeleza yote: amekula nini, baba amevaa nini, kuku amesema nini, na kuku amejibiwa nini na jogoo. Tulikuwa tunaiweka simu juu ya ndoo, ploti nzima tunasikiliza kuliko redio.

Kisha Shafi akapata kiwanja upande wa Kachibora. Lilikuwa shamba kubwa la zamani, likakatwa vipande, watu wakajenga. Akajenga nyumba ya matofali, akahamisha mke na mtoto. Khadijo alimwombea dua kwa simu. Hakwenda kuiona, magoti yake hayakupenda safari siku hizo.

Baada ya kuhama, simu ikanyamaza. Fardosa alikuwa anamwekea Naim simu sikioni, tunasikia kupumua tu. Mwanzoni wakasema ni ugeni. Wakampeleka hospitalini Kitale, daktari akatazama masikio, akatazama koo, vyote vizima. Ustadh Bashir wa mtaa wao akaja kumsomea, mtu mwema, alikuja mara nyingi. Anaposoma mtoto analala vizuri. Akiondoka, mtoto anaamka vilevile. Halafu akaanza kukataa chakula. Fardosa alisema mbavu zake unaweza kuzishika moja moja kama za kikapu.

Siku Fardosa aliyopiga simu kusema hayo, Shafi hakujua. Khadijo alikuwa anakaanga, simu iko juu ya ndoo, mimi niko na kikombe changu. Fardosa alikuwa anaeleza kwa sauti ndogo, na akasema kuna mahali pamoja tu ambapo mtoto anakubali kumeza hata kijiko cha uji. Nyuma ya jiko kuna jiwe kubwa, lile lililopasuka katikati, lenye ufa unaoshika maji hata kiangazi. Hapo ndipo anapokaa mchana kutwa. Akiondolewa anakakamaa kama ukuni.

Khadijo akauliza kama karibu na jiwe kuna mti uliolala, uliokua kwa kuelekea upande.

Fardosa akasema ulikuwepo. Shafi aliukata wakati wa kujenga.

Mahamri yakaungua. Kwa miaka yote niliyomjua, Khadijo hajawahi kuunguza hata moja. Mafuta yakafuka moshi mweusi, wateja wakarudi nyuma, yeye ameketi tu na kijiko mkononi. Nilipozima jiko ndipo akaniambia, bila kunitazama, jambo ambalo nilikuwa nimevutia shingo miaka yote.

Alipokuwa bibi harusi alisafiri na mumewe aliyekuwa akinunua ngozi, wakapita huko Kachibora, wakapumzika juu ya jiwe. Alisimama akazunguka pande zote. Hakukuwa na paa. Hakukuwa na moshi wa jiko, wala njia ya miguu, wala mbwa aliyebweka. Akasema moyoni, hapa hapana mtu na hapatakuwa na mtu. Basi mama mkwe alipomfundisha kazi na kumwambia achague mahali pa kuwapeleka, akachagua hapo.

"Wote?" nikamuuliza.

"Wote, Mama Wabwile. Nimewapeleka wote kwa mjukuu wangu."

Tuliondoka kesho yake. Kitale tulishuka sokoni. Akanunua ubani, akanunua majani ya chai na kikombe cha bati, akanunua mwavuli. Nilidhani mwavuli ni wa kunilipa. Sikuthubutu kuuliza. Alikuwa anachagua vitu kama mtu anayekwenda kuwaona wakwe.

Tulifika mchana, mawingu yameanza kuteremka kutoka milima ya Cherangany, yakiwa na rangi ya sufuria iliyoungua. Nyumba ilikuwa nzuri. Matofali mekundu, madirisha ya kioo, stoo ya mahindi pembeni. Pande zote ni nyumba nyingine kama hiyo, mpaka macho yanapochoka, na watoto, na nguo kwenye kamba. Fardosa alitupokea mlangoni akiwa amejifunga leso tumboni kama mtu mwenye kidonda. Kabla hajamaliza kusalimia tukasikia ndani ya stoo, bati likikanyagwa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Kisha kimya, kama mtu amegeuka. Kisha tena.

Fardosa alisema ni panya. Alisema kama mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi usiku kucha.

Khadijo akasogea mpaka mlango wa stoo, akasimama wima kadiri magoti yalivyomruhusu. "Salaam aleikum, Sajini," akasema. "Umekaa salama?"

Kukanyaga kukakoma. Mimi mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso. Sikuuamuru.

Upande wa tangi la maji kulikuwa na sauti nyingine, ya mtu anayelia akiwa amefunika mdomo. Mawingu yakizidi, na yenyewe inazidi. Khadijo akafungua mwavuli mpya, akauweka juu ya tangi, akasema, "Bi Mvua, pole. Mti wako wameukata." Kilio kikashuka kikawa kama cha mtoto anayelala.

Ndipo nyuma yetu nikasikia mtu akisema, "Mama." Ni Shafi. Alikuwa ameambiwa na majirani kwamba kuna wazee wawili kwake wanazungumza na stoo.

Nilitegemea atatutimua. Lakini mtu aliyelala na hatua hizo ndani ya nyumba yake hana tena nguvu za aibu. Shati lake lilikuwa na mikunjo. Akamuuliza mama yake kama anawasikia na yeye, kwa sababu alianza kuogopa kwamba ni kichwa chake. Kisha akauliza, "Ni nani ametuwekea hawa hapa? Ni jirani? Ni nani anatuchukia?"

"Ni mimi," Khadijo akasema.

Akamweleza yote pale pale amesimama. Shafi hakupandisha sauti. Alikaa chini kwenye kokoto, na suruali yake ile nzuri, akashika kichwa. Alisema alichagua kipande hiki katika vipande vyote kwa sababu alipokuwa mdogo mama yake aliwahi kumsimulia jiwe alilokalia pamoja na baba yake Shafi, jiwe lililopasuka. Aliliona, akafikiri ni bahati.

Hapo hata mimi niliyezoea kuongeza chumvi sikuwa na la kuongeza.

Sajini akapewa chai yake, ya rangi, bila sukari. Khadijo akamwambia hapa sasa ni kwa watu, na kazi yake itakuwa kulinda stoo, asiingie ndani ya nyumba. Bi Mvua akaambiwa akae na tangi lake. Hao walikubali kwa sababu walikuwa na majina. Mtu mwenye jina unaweza kuelewana naye.

Tukaenda nyuma ya jiko.

Naim alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu ndani ya ule ufa wenye maji. Nilimjua mtoto huyo akiwa na mashavu. Sasa kichwa kilikuwa kikubwa na shingo kama ya kifaranga. Hakugeuka kumtazama baba yake, wala mama yake, wala mimi. Alimtazama Khadijo. Na mimi nikaujua huo mtazamo. Ulikuwa ule ule wa Gathoni, wa mtu anayejifunza sura ya mwenzake. Isipokuwa sasa alikuwa ameshaijua.

Mkeka ukatandikwa juu ya jiwe. Fardosa akashika ubani, makaa yakamwagika, Shafi akayaokota kwa vidole. Mimi nikatikisa kopo. Leso nyeupe ikaanza kwenda juu ya kichwa cha mtoto. Wewe ni nani? Kimya. Unataka nini? Kimya. Mvua ilikuwa inakuja, tunaisikia kwenye mabati ya majirani, nyumba kwa nyumba, ikitukaribia.

Khadijo akaacha kuuliza. Akamgeukia Shafi, akamwambia amtajie mahali patupu, mahali popote.

"Huko ng'ambo ya kijito," Shafi akasema, kisha akasita. "Hapana. Ni kwa kina Jerop. Wana watoto."

"Na mlimani?"

"Wamejenga kanisa. Na mnara wa simu, una mlinzi."

"Na huko mtoni?"

"Wanachimba mchanga, Mama. Vijana wengi."

Kila palipotajwa, palikuwa na mtu. Nami nikapitisha akilini mahali pote nilipowahi kufika tangu utoto, vichaka nilivyochungia mbuzi, mabonde ya kuchota udongo, na kila mahali nikaona paa jipya linang'aa. Fardosa alikuwa amepiga magoti. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mtoto tangu jana hajameza kitu.

Khadijo akakaa juu ya jiwe, uso kwa uso na mjukuu wake. Akaacha leso. Akauliza mara ya mwisho, si kwa sauti ya kazi, bali kama unavyomuuliza mtoto aliyepotea sokoni. "Jina lako nani?"

Mtoto akafungua mdomo. Nilitegemea sauti nzito, sauti ya shimo. Ilikuwa sauti ya Naim mwenyewe, ile ya kwenye simu, na hilo ndilo lililonisimamisha nywele.

"Sina," akasema. "Hakuna aliyenipa."

Khadijo akageuka. Akamtazama Shafi, kwa muda, kama anayempima nguo. Kisha akamshika mtoto mashavu kwa viganja vyote viwili.

"Basi chukua langu," akasema, na hakunong'ona. "Wewe ni Khadijo. Na pa kwenda ni kwangu."

Mvua ikafika. Ilitupiga mara moja kama ndoo. Naim akakohoa, akatoa miguu kwenye maji, akatazama huku na huku. Akasema, "Nyanya, kuna jongoo kwa jiwe, ana viatu vingi." Akaendelea. Alisema yote aliyoyaona tangu kuhama, bila kumeza mate, huku Fardosa amembeba anakimbia naye jikoni, huku anaingizwa uji mdomoni, uji unatoka na maneno yanatoka. Nilicheka nikalia. Shafi alikuwa amesimama nje kwenye mvua anamtazama mama yake, ambaye alikuwa bado ameketi juu ya jiwe. Alikuwa amesogea pembeni kidogo, kama unavyomwachia mtu nafasi.

Hivyo ndivyo mtoto alivyopona, na mpaka leo tunamsikiliza kwenye simu. Kama unapenda mambo yaishe vizuri, ishia hapa.

Tuliporudi Bungoma, Khadijo alipita nyumba kwa nyumba kwenye ploti, kisha kwa wateja, kisha kwa wanawake wenzake wa msikitini. Kila mmoja alimwambia jambo moja: kuanzia sasa mniite Mama Shafi, lile jina nimelitoa. Watu wakadhani ni uzee. Asubuhi alikuwa anamimina vikombe viwili vya chai kabla ya mteja wa kwanza, anakunywa kimoja. Kingine kinaingia ndani, na kinatoka kitupu. Ameacha kukaanga mahamri mengi, mkono unachoka. Siku hizi ukimtazama usoni unaona kama picha iliyowekwa juani. Na kupitia ukuta wetu nilikuwa namsikia anaongea. Ni sauti yake, halafu inajibiwa, na inayojibu pia ni sauti yake.

Nilijihadhari. Naapa nilijihadhari. Lakini mdomo wa mtu uliozoea jambo kwa miaka una njia yake. Asubuhi moja wiki iliyopita, moto wangu umekataa kuwaka, nikagonga ukuta kama zamani na kuita, "Khadijo, niazime makaa."

"Nakuja, Mama Wabwile," akajibu kutoka ndani. Sauti changamfu, ya mwanamke mwenye nguvu zake.

Nikatoka nje na koleo langu. Mama Shafi alikuwa kwenye bomba, katikati ya ploti, ameinamia ndoo. Alikuwa amesikia. Aliinuka polepole, akafunga maji, na tukasikia sote wawili ndani ya chumba chake kitanda kikilia, kama mtu anaposimama, kisha kandambili kwenye saruji.

"Umemwita wewe," akaniambia. Hakukasirika. Alikuwa amechoka tu. "Mimi si mwenye jina tena. Mwambie wewe pa kwenda."

Kopo la kokoto lilikuwa chini ya kitanda changu, na sikuona lingenisaidia nini. Nilisimama pale na koleo. Nikatafuta mahali. Mlango wake ukafunguka upana wa kiganja, ndani kuna giza na harufu ya ubani, na mimi, mwanamke ambaye sijawahi kukosa neno, nikasema neno moja tu lililokuja. Nilisema, "Ngoja."

Anangoja. Mlango uko vile vile, wazi kwa upana wa kiganja, na Mama Shafi amehamia kulala kwangu. Kila asubuhi, nikianza kuwasha moto, sauti inaniuliza kwa adabu sana kama nimeshapata mahali. Kwa hiyo nakuuliza na wewe. Kama unajua mahali ambapo hakuna mtu, popote pale, niambie. Lakini kwanza nenda usimame hapo, uzunguke pande zote, uhakikishe.